Jiwe la Kuanikia Michembe

Kamanga, 29 Juni 2025

Suzana,

Tangu matanga ya babu yako hujakanyaga hapa. Mvua zimenyesha zikakatika, zikanyesha tena zikakatika. Yule mbuzi uliyemwacha akinyonya sasa ni bibi kama mimi, ana wajukuu, na wajukuu wake wanalala nyumbani kila siku. Zamani ulikuwa unasingizia kivuko. Sasa daraja la Busisi limekwisha, magari yanapita juu ya ziwa kama yanapita sebuleni. Utasingizia nini tena?

Jana baba yako mdogo Paulo amekuja na salamu zako. Akasema umepata likizo. Nikamwambia Mwaija bandika chai, mke mwenzangu anakuja. Paulo akasema haji, anakwenda mlimani. Nikamuuliza huko mlimani kuna nani. Akasema hakuna mtu. Suzana, mtu mzima unapewa likizo unakwenda kuusalimia mlima? Mlima ndio uliokubeba mgongoni ulipougua surua? Mlima unajua ulikojoa kitandani mpaka unaanza shule?

Tena anasema mtalala kwenye kihema, chini, kwenye baridi, wala hakuna anayewalipa. Mchungaji analala porini kwa ajili ya ng'ombe. Mvuvi analala kisiwani kwa ajili ya dagaa. Nyinyi mnalala porini kwa ajili ya nini? Kama umefukuzwa nyumba ya kupanga sema, usizunguke.

Usinijibu kwa simu. Simu tunaita halo halo mpaka hamu ya kugomba inaniisha. Andika, Mwaija atavuka ua aje anisomee, na nisipoelewa atarudia.

Kwa kuwa umeomba chakula cha njiani kisicho na gharama, nimekupakia mifuko miwili, itakuja na basi la Arusha. Sikiliza vizuri. Mfuko wa uzi mwekundu ni matobolwa, viazi nilivyochemsha kwanza ndipo nikavianika. Hivyo unatafuna hivihivi ukitembea. Mfuko wa uzi mweusi ni michembe, viazi vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Hivyo bila maji mengi na moto ni mbao. Vya mlimani ni vyekundu. Vyeusi viache nyumbani, upike na karanga ukirudi. Ukichanganya usiseme sikukuambia.

Vyote nimeanika juu ya jiwe letu nyuma ya nyumba, lile linalozidi paa, mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii. Mguu ni mzima. Kila kitu ni kizima.

Ni mimi bibi yako, Dorotea. Kidole changu hiki hapa.

Suzana mwanangu, mimi Mwaija naongeza haraka, bibi yako anatafuta ugoro. Viazi kavianika kweli, ila alishuka jiwe kwa makalio. Aliteleza na ungo, goti likavimba kama papai. Paulo amemwona anavyochechemea. Amesema mwezi wa tisa anakuja na gari amhamishie kwake Mwanza, Pasiansi. Akimkuta bado anapanda jiwe lake bila kushikwa mkono, atamwacha. Asipoweza, kitanda kinapakiwa. Bibi yako anasema Pasiansi atakwenda ndani ya sanduku. Nimemwambia ashike fimbo. Amenijibu fimbo ni ya wazee. Ana miaka themanini na kitu. Anarudi, naacha.


Babati, 9 Julai 2025

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Mifuko nimeipokea, uzi mwekundu na uzi mweusi. Sikufukuzwa nyumba. Nina chumba, kina dirisha na kitanda, na kodi nimelipa.

Umeniuliza kwa nini. Mchana kutwa niko maabara ya zahanati, jicho moja kwenye darubini, nikitazama damu za watu. Nikitoka ni jioni, nikilala ni asubuhi. Ukaja mwezi ambao nilianza kusahau sauti ya babu. Nilikuwa namkumbuka sura, ila sauti ikawa haiji.

Hujui kitu kimoja. Siku babu aliponisindikiza kuja kuanza kazi, basi lilipita chini ya Hanang. Alifungua dirisha, abiria wakalalamika vumbi, yeye akaunyooshea mlima kidole. Akasema, "Mke wangu mdogo, unaona jiwe lile? Tungekuwa nalo Kamanga, mimi na mwenzako tungeanika viazi vya nchi nzima." Basi lote likacheka. Tangu siku hiyo nikipita pale nauona unanidai. Ndiyo maana naenda, Bibi. Nikitoka huko nitakuja kwako, siahidi siku.

Gharama usiogope. Ile milima mikubwa inayotajwa redioni ni ya wenye fedha zao. Huu wa kwetu unaupanda kwa kujibana. Kiongozi ni lazima, na kibali, kwa hiyo tumejikusanya watu sita tugawane. Hema ni la Lukman, tunafanya naye kazi, ni la kaka yake. Lilichanika kona, tumeliziba kwa kitambaa cha mwavuli. Badala ya godoro nimeshona viroba viwili vya mchele, nimetia maboksi ndani. Blanketi ni lile la babu. Tatizo ni maji, huko juu hakuna, kila mtu anabeba yake.

Kila Jumapili tunafanya mazoezi kwenye kilima cha hapa. Nimeshangaa kitu: wapanda milima wote wanatembea na fimbo mbili, kila mkono moja. Vijana, wanajeshi, Wazungu wenye miguu mirefu kama korongo. Asiyekuwa na fimbo wanamwona mgeni. Na mimi nimekata zangu.

Nisalimie Bi Mwaija. Goti lake halijambo?

Mjukuu wako na mke mwenzako,
Suzana

(Karatasi ndogo iliyokunjwa ndani)

Bi Mwaija, shikamoo. Hii usimsomee. Nimeelewa. Fimbo usiitaje tena nyumbani hapo, niachie mimi, itamfikia kwa njia ya mlima. Goti lako ninaliulizia makusudi, unisamehe. Kila siku asubuhi mwambie akae kitini anyooshe mguu na kuukunja, sema ni wewe unafanya na unataka mwenzako wa kufanya naye. Paulo asijue kwamba najua.


Kamanga, 19 Julai 2025

Suzana,

Kwa hiyo mume wetu alikuwa anakuambia mambo ya kuanika viazi bila mimi kujua. Nimekaa naye tangu nina matiti ya msichana mpaka nimemfunga kitambaa kidevuni, hakuwahi kunitajia mlima wowote. Anakwenda kumwambia mke mdogo, ndani ya basi, mbele za watu. Siku nikimkuta huko aliko tutazungumza.

Nimelia kidogo. Mwaija usiandike hilo. Ameandika.

Sauti yake mimi ninayo. Ukija nitakuigizia. Ilikuwa inakwaruza asubuhi kama mlango wa zizi, ikishapata uji inalainika.

Sasa hizo fimbo mbili. Mtu mwenye miguu miwili anashika fimbo mbili, amekuwa ng'ombe? Hao wanajeshi wanaotembea na fimbo ndio wanaotulinda? Nimecheka hadi ugoro ukamwagika. Mimi goti langu, Mungu anajua, lingeweza kupanda huo mlima wenu na mtungi kichwani. Mwaija ndiye goti linamsumbua, kila asubuhi ananiomba nikae naye tunyooshe miguu kama tunakanyaga cherehani. Nakaa kwa kumhurumia.

Huyo Lukman mwenye hema ni wa watu gani? Analala wapi, ndani ya hema au nje? Mwaija ananiambia nisiulize. Nimeuliza.

Baridi ikiwa kali, paka miguu mafuta kabla ya soksi. Ukilala, weka viatu ndani ya blanketi, asubuhi hutavaa mawe. Na ukisikia tumbo linakataa, rudi. Hakuna aliyezikwa na heshima kwa sababu alifika juu.

Hapa tunaendelea. Ungo upo ukutani, umepumzika kidogo.

Bibi yako, Dorotea. Kidole.

Ni Mwaija. Ungo haujapumzika, umeshindwa kupanda. Wiki hii alifika kwenye ule mpasuko wa jiwe akarudi. Viazi tumeanika chini kwenye turubai, kuku wanakula, yeye anakaa mlangoni anawatazama na wala hawafukuzi.


Babati, 6 Agosti 2025

Bibi,

Shikamoo. Nimerudi na vidole vyote.

Nianze na aibu, uicheke mapema. Asubuhi ya safari nilikwenda kununua maji, nikamwachia Lukman kupakia. Yeye ni mtu wa Tanga, kwao kiazi kikavu hawakijui. Aliona mifuko miwili ya vitu vinavyofanana, akasema mmoja unatosha, tupunguze mzigo. Akachukua mkubwa. Bibi, alichukua uzi mweusi.

Tumefika kambini, watu wamechoka, nimejisifu njia nzima kwamba nina chakula cha bibi yangu kisichohitaji moto. Nikagawa. Kila mtu akauma chake. Halafu ikasikika kama mbuzi sita wanakula changarawe. Kiongozi wetu aliushika mchembe akaugonga kwenye jiwe, akauliza kama kwetu tunajengea nyumba. Maji ya kupikia hatukuwa nayo ya kuchezea, tulikunywa chai na biskuti za mwenzetu mmoja, tukalala na njaa. Lukman aliomba msamaha hadi nikamwonea huruma. Alilala nje ya hema, Bibi, peke yake, kwa kujiadhibu, na umande ukamloanisha. Hilo nilijua utapenda kulisikia.

Asubuhi tuliendelea. Hapo ndipo nilipojifunza fimbo ni za nini. Mahali pamoja pana ukingo mwembamba, upepo unakusukuma kutoka pembeni, mawe yanateleza chini ya kiatu. Niliteleza. Mguu ulikwenda, moyo ukaufuata, ila fimbo ya kushoto ilikuwa imeshika, nikabaki nimening'inia hapo kama nguo kwenye kamba. Kiongozi, mwanaume mwenye kifua kama mlango, naye ana zake mbili, akaniambia: weka fimbo, weka mguu, pumua, ndipo unyanyue mguu wa pili. Ukiona huwezi kuongea, unakwenda mbio mno. Ukitaka kukaa, kaa, mlima hauhami. Nilipanda sehemu iliyobaki hivyohivyo, nikiongea na babu njia nzima.

Tumefika juu. Kuna jiwe bapa, si kubwa kama letu. Michembe nilikuwa nimeibeba bado, nani angeila. Nikatandaza khanga, nikaianika. Yote. Wenzangu wakadhani nimepatwa na ugonjwa wa mlima. Lukman peke yake hakuuliza, alichutama akanisaidia kuigeuza upande wa pili. Jua lilikuwa kali na upepo mwingi, babu alisema kweli, mahali pa kuanikia ni pale. Nikamsikia, Bibi. Kama mlango wa zizi, ulivyosema.

Sikukaa muda mrefu. Niliikusanya, ninayo, sitaipika mpaka nije.

Kwa basi la kesho nakutumia fimbo zangu mbili. Sikutumii kwa ajili ya kutembelea. Zimefika kileleni, chumba changu ni kidogo, zitaliwa na mchwa. Nitunzie. Vitanzi vya kamba ni kwa ajili ya kuvalisha mkononi, sikuambii uvalishe, nakueleza tu zilivyo.

Mke mwenzako,
Suzana


Kamanga, 24 Agosti 2025

Suzana mwanangu,

Bibi yako hajui ninakuandikia. Yuko kwenye jumuiya, wanasali nyumba ya tatu.

Fimbo zilifika. Alizishika, akazinusa, akasema zinanuka moshi. Akaziweka nyuma ya mlango na kunikataza nisizisogeze, kwa kuwa ni mali ya watu. Hizo habari za ukingo alinifanya nizirudie. Sehemu ya "mlima hauhami" nimeirudia hadi naisema usingizini.

Juzi nilikuja mapema kuliko kawaida, bado ndege hawajanyamaza. Mlango wazi, fimbo hazipo. Nikazunguka nyuma. Alikuwa kwenye mpasuko wa jiwe, fimbo mkononi, kamba amevalisha, anaongea kwa sauti. Nilidhani ananiita. Kumbe anamgombeza marehemu, kwa nini hakumwambia habari za mlima. Hatua moja, neno moja. Nilirudi nyumbani kimya nikachelewesha kuja. Nilipofika, fimbo zilikuwa nyuma ya mlango, na yeye ana vumbi kwenye magoti, ananiuliza kwa nini wanawake wa Kiislamu siku hizi wanalala sana.

Hajafika juu lakini. Anafika nusu. Na Paulo ametuma neno, Jumamosi ya tarehe kumi na tatu anakuja na pikapu. Amekwishapaka rangi chumba. Usimchukie, Suzana. Nilimwona alipolishika lile goti, alilikanda mpaka maji yakapoa. Ametununulia na miwani mpya, mimi na bibi yako, na bibi yako yake hata haivai.

Niombee, na mimi ninakuombea wewe na yule kijana wa Tanga. Mtu anayegeuza kiazi bila kuuliza si mtu wa kupoteza.

Mwaija


Kamanga, 16 Septemba 2025

Suzana,

Paulo amekuja Jumamosi na pikapu na vijana wa kubeba kitanda. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, vile vinavyong'aa. Nikamwambia karibu, kaa, kunywa uji. Akasema Mama tusicheleweshe, jua litakuwa kali. Nikamwambia jua ndilo ninalolitaka, nina viazi vya kuanika.

Nikachukua fimbo nyuma ya mlango. Akanitazama. Akasema Mama, tulikubaliana bila kushikwa mkono. Nikamuuliza, nani amenishika mkono? Hizi ni za mlimani. Zimefika Hanang, wewe umefika wapi?

Tukaenda, mimi mbele, yeye nyuma ananyoosha mikono kama anamfuata mtoto anayejifunza kutembea. Weka fimbo, weka mguu, pumua. Nilikuwa naongea ili nijue siendi mbio. Nilimsimulia Paulo alivyozaliwa, maana hiyo habari ni ndefu. Kwenye mpasuko nikakaa. Nilimwambia nimekaa kutazama ziwa. Uongo, nilikuwa natafuta pumzi, na goti lilikuwa linapiga kama ngoma ya harusi. Yeye akadhani ndiyo mwisho, akainama kunibeba. Nikamwambia Paulo, mlima hauhami, na wewe usihame, simama hapo. Akasimama. Nikainuka mwenyewe.

Kufika juu tulifika. Yeye alifika baada yangu, viatu mkononi, soksi imetoboka, anahema. Nilimtandazia khanga akae. Nikampa matobolwa. Akatafuna. Kutoka pale unaona kivuko kinatoka Mwanza, unaona mpaka mabati ya upande wa pili, nikamwonyesha upande wa kwake Pasiansi. Nikamwambia unaona, kila nikianika viazi nilikuwa nakutazama kwako. Nikihamia huko nitakutazama kutoka wapi?

Akaitia ile soksi ndani ya kiatu. Halafu akasema, "Mama, mimi nakuogopea." Nikamwambia najua. Ogopa mwanangu, ila ogopea ukiwa kwako, na kila mwezi uje uogopee hapa. Akalia. Nikalia. Mwaija alikuwa chini anapiga kelele kutuuliza kama tumekufa.

Pikapu ilirudi imebeba gunia la michembe na kuku wawili. Kitanda kipo. Lakini nami nimekubali moja: ungo sipandi nao tena. Mwaija anaufunga kamba, mimi nauvuta kutoka juu. Na mwakani Paulo atanitazama upya. Hiyo ni haki yake, nimemzaa akiwa na macho.

Sasa mimi na wewe tuna neno. Suzana, sikusoma, lakini si kiziwi. Kalamu nikinyamaza na yenyewe inyamaze. Ya Mwaija ilikuwa inaendelea kutembea. Unadhani nilikuwa natafuta ugoro muda wote ule? Ugoro uko kiunoni mwangu. Nilimwacha aandike kwa sababu mdomo wangu usingeweza kukuambia nimeanguka. Na goti la Mwaija halijawahi kuuma tangu azaliwe, anaruka matuta ya viazi kama swala. Anacheka sasa anapoandika hili, ameharibu karatasi.

Fimbo zako nimezitumia makusudi na kwa akili yangu timamu. Kama ungeniletea fimbo ya mzee ningeichoma nipikie. Ulileta ya mpanda mlima. Wabeja sana, ahsante, mke mwenzangu. Mume wetu alijua kuchagua.

Sasa shika haya. Likizo ijayo ni yangu, nimekwishaichukua. Uje mwezi wa sita viazi vikitoka. Usilale Mwanza kwa Paulo, vuka ziwa siku hiyohiyo. Lete lile hema lenye kiraka cha mwavuli, tutalisimamisha juu ya jiwe, na mimi nitalala ndani nione nyinyi mnafuata nini. Lukman naye aje, atalala kwa Mwaija, wamekwisha kukubaliana mambo yao ya dini bila kuonana. Lete michembe ya kileleni, yote, usipunguze hata mmoja.

Ukifika usipige hodi, ndani hapatakuwa na mtu. Fimbo ya babu yako ya kuchungia nimeishusha darini, iko nyuma ya mlango, hiyo ni yako. Zunguka nyuma, panda polepole, nitakuwa juu. Na maji ubebe wewe, ndoo nzima, maana safari hii tunaipika.

Bibi yako, Dorotea. Kidole changu hiki hapa. Baada yake hakuna neno la mtu mwingine, nimemnyang'anya kalamu.